Mama Shuka Hakukataa Kufa

Siku tulipomzika dada yangu, mchungaji alisimama ukingoni mwa kaburi na kipaza sauti mkononi, akasoma wasifu wa mtu nisiyemjua. Alisema marehemu alikuwa askari aliyepigana na mauti mpaka pumzi ya mwisho, hakuikubali, hakuitaja hata siku moja kwa kinywa chake. Watu wakapiga makofi. Makofi, makaburini! Zamani mtu akipiga makofi mazishini tulijua amelewa, tukamshika mkono tukampeleka kwake akalale.

Nilikuwa nimesimama juu ya udongo mbichi, viatu vimezama. Nikasema, "Mwongo." Nilisema kwa sauti. Waliokuwa karibu wakanitazama kama anavyotazamwa mzee aliyejikojolea mbele za watu. Mchungaji akaendelea. Yeye ana spika kubwa kama makabati, mimi nina kifua kibovu.

Basi naandika. Mimi ni fundi viatu, na kusoma nilijifunza kwenye magazeti ambayo wateja walifungia viatu vyao, lakini najua wasifu ni nini. Ni kumtaja mtu kwa alichokifanya. Dada yangu hakukataa kufa. Alitumia maisha yake kuwasindikiza wanaokufa, kwa ajili ya Kristo aliyempenda kuliko alivyotupenda sisi wote, na zamu yake ilipofika, watu wake mwenyewe walimfungia mlango. Hayo hayakusomwa kaburini. Yasomwe hapa.

Alikuwa dobi wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya jengo, mlango wa bati, ndani mvuke mtupu. Kulikuwa na masinki ya saruji, mapipa ya kuchemshia, na mashine moja ya kukamua iliyotikisika vibaya hata wakaifunga kamba kwenye nguzo isije ikatoka nje. Sabuni ilikuwa imeila mikono yake. Akikusalimia unadhani umeshika gunzi. Watu walimwita Mama Shuka, na yeye akaitika.

Kila mgeni aliyeanza kazi pale alifundishwa jambo la damu kwanza. "Damu hailowekwi kwenye maji ya moto," dada alikuwa akisema. "Maji ya moto yanaipika, inashika nyuzi, haitoki tena mpaka shuka lioze. Damu inataka maji ya baridi na subira." Nimelisikia hilo mara nyingi hata nikalichoka. Siku hizi nalikumbuka kila siku.

Kazi yake ile nyingine ilianza hivi. Alipanda wodini kukusanya mashuka machafu. Kwenye kitanda cha pembeni, nyuma ya pazia, alikuwa amelala mchukuzi wa mizigo, mtu asiye na ndugu wala jamaa. Nesi akamwambia, "Hilo shuka la pale subiri kidogo. Bado hajamaliza."

"Hajamaliza nini?"

"Si uchungulie mwenyewe."

Akachungulia. Alikuwa ameambiwa amsubiri mtu afe ili achukue shuka. Jioni alikuja kibandani kwangu, akaniambia, "Mdogo wangu, nimejikuta nimesimama pale na tenga langu kama fisi."

Pale wodini aliweka tenga chini, akakaa kitandani, akamshika yule mtu mkono. Mchukuzi akafumbua macho. "Wewe nani?"

"Dobi."

"Umefuata shuka?"

Mtu anayekufa si mjinga. Dada akasema, "Nimefuata shuka, lakini sina haraka nalo."

Mchukuzi akacheka, kicheko cha pumzi tu. Dada akamwombea. Akamwimbia wimbo wa kanisani, ule aliokuwa akiujua wote bila kuruka ubeti. Akakaa mpaka mwisho. Halafu akamfumba macho, akachukua shuka lake, akaenda kulifua kwa maji ya baridi. Msimamizi wa dobi akamkaripia kwa kuchelewa.

Tangu hapo hakuacha. Ukimuuliza sababu, hakukutolea mahubiri. Alikuuliza wewe. "Mgeni akiaga nyumbani kwako, unamwambia haya kwaheri huku umekaa? Si unainuka? Unamtoa mpaka mlangoni, mnasogea mpaka njia panda, mnasimama tena, na hapo ndipo mnaongea yale mliyoshindwa kuongea ndani. Sasa anayekwenda kwa Mungu asindikizwe na nani, mbu?"

Na hakusindikiza kama mtu anayepeleka mzigo gizani. Aliamini, kama ninavyoamini kwamba nyundo ni nzito, kuwa Bwana alishapita kaburini, akatokea upande wa pili na hakufunga mlango nyuma yake. Alipopiga pasi mashuka ya hospitali alikuwa akinong'ona juu ya kila moja: "Bwana, atakayelala hapa, mjue." Shuka baada ya shuka, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyemwona isipokuwa sisi tuliompelekea chakula, na sisi tulidhani anaongea peke yake.

Mchungaji wetu mzee ndiye aliyemwelewa. Akamwita, akamwambia, "Mama, hiyo kazi si yako peke yako, ni ya kanisa." Wakaundwa Wasindikizaji, kina mama wachache na mwashi mmoja aliyekuwa na sauti nzito. Walikuwa na utaratibu wao. Wanakwenda na shuka safi lililopigwa pasi na beseni la maji ya vuguvugu. Wanamwosha mgonjwa miguu, wanambadilishia shuka, wanakaa mahali anapoweza kuwaona. Hawamdanganyi. Akiuliza, "Nakufa?" wanajibu, "Ndiyo ndugu yetu, unakwenda, na tupo." Halafu wanauliza, "Unamtaka nani?" Atakayetajwa atafuatwa, awe wapi, awe nani, awe adui. Hapo hapakuwa na mjadala.

Mwenye bucha wetu alimtaja mdogo wake. Hawakuwa wameongea tangu walipogombania ukuta wa choo. Dada akaenda kumfuata. Yule mdogo mtu akasema bila kuinuka kitini, "Mwambie akishakufa nitakuja."

"Akishakufa hatakusikia," dada akamjibu. "Kama unataka kumtukana, njoo sasa."

Akaja. Alikuja kutukana kweli, njia nzima anajifunza maneno. Alipoingia akamkuta kaka yake amebaki mifupa juu ya shuka jeupe, maneno yakamkauka. Mwenye bucha akamtazama akasema, "Ukuta uvunje, choo kiwe chako. Mimi ninakokwenda nasikia hakuna haja." Wakacheka mpaka wakalia. Yule mdogo mtu ndiye aliyemshika mkono mpaka mwisho.

Watu walimtania Mama Shuka. "Akipita mtaani na beseni, wenye kikohozi wanaacha kukohoa." Mwenye bucha mwenyewe, alipomwona mlangoni, alimwambia, "Aa, wewe! Basi safari imeiva."

"Sijaja kukuchukua," dada akamwambia. "Nimekuja kubadilisha shuka."

Hilo likawa neno lake kila nyumba. Leo mtu akitania hivyo mbele ya mgonjwa, anatolewa nje kama mchawi.

Sitasema kazi hiyo haikuwa na gharama. Mume wake alikufa mapema, akamwachia binti mmoja. Binti huyo, mpwa wangu, alikulia kibandani kwangu, analala juu ya mabaki ya ngozi, huku mama yake yuko kwenye nyumba ya mtu anayekufa. Mara nyingine alimfuata, akawa anamshikia ncha ya shuka. Lakini mara nyingi alibaki, na aliniuliza swali lilelile, "Mjomba, mama atarudi?" Nikamjibu, "Atarudi." Akirudi alinuka sabuni. Mtoto anamnusa kwanza, ndipo anamkumbatia. Nadhani alikuwa akinusa kama kuna kitu kingine kimerudi naye.

Mchungaji mzee alipokufa, alisindikizwa vizuri. Kisha tukaletewa huyu. Mtaa ukampa jina siku ileile: Mchungaji Spika. Aliuza mabenchi ya mbao yaliyokuwa yamelainishwa na makalio ya babu zetu, akaweka viti vya plastiki. Nyimbo za kuagana akazifuta, akasema ni nyimbo za kushindwa. Mgonjwa hakuwa mgonjwa tena, alikuwa mtu "anayesubiri ushuhuda wake". Na watu wakampenda! Hilo ndilo linaloniudhi kuliko lolote. Watu wazima, waliozika wazazi wao kwa heshima, wakakubali kuambiwa kwamba kufa ni uzembe wa imani.

Siku moja baada ya ibada akawaita Wasindikizaji mbele. "Mama zangu, tunawashukuru," akasema. "Lakini niulize, mnasindikiza nini? Mgonjwa akiona mnaingia na hilo shuka, imani yake inazimika. Mnaialika mauti nyumbani kwa watu."

"Amina," wakaitika wenye viti vya mbele.

Dada akasimama, ameficha mikono yake ile nyuma. "Mchungaji, nina swali la dobi. Bwana wetu alipokuwa akifa, mama yake alisimama pale chini. Yeye ndiye aliyeialika mauti?"

Dada hakungoja jibu.

"Alisimama tu," dada akasema. "Wengine walikimbia."

Rafiki yake wa kufa na kupona, msindikizaji mwenzake tunayemwita Kibogoyo kwa sababu hana jino hata moja, akapaza sauti kutoka nyuma: "Waliokimbia ndio waliokuwa na imani kubwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji hakucheka. Nilimtazama sana usoni siku ile. Ningependa kuona mwizi, maana mwizi unajua la kumfanya. Niliona kijana anayeogopa kufa, amevaa suti. Mtu mwoga akipewa kipaza sauti, mtaa mzima utaogopa.

Kamati ikavunjwa. Kabati lao la mashuka pale kanisani likafungwa kufuli jipya, na beseni lao la kuoshea miguu wakapandia maua ya plastiki madhabahuni. Dada hakugombana. Alinunua beseni lingine. Aliendelea kwenda kwa waliomwita, lakini waliomwita wakapungua, maana aliyemwita alisemwa.

Mnataka kujua kilichofuata? Fundi bomba mmoja, niliyemshonea viatu tangu ujana wetu, alikufa huku chumba kizima kikimwambia kwamba mwakani atacheza harusi ya mjukuu wake. Nilikuwapo. Akanigeukia mimi, akauliza, "Mbona hakuna anayeniaga?" Nikafungua kinywa. Mke wake alikuwa mwepesi kuliko mimi. Akamziba mumewe mdomo kwa kiganja. Kwa upendo! Alimziba kwa upendo, huku machozi yanamtoka, na ule mdomo haukufunguka tena kusema lolote.

Halafu zamu ikafika. Uvimbe tumboni. Daktari wa ile hospitali, ambaye mashuka yake dada aliyafua mpaka alipostaafu, alimwambia wazi, "Mama, dawa zetu zimefika mwisho." Dada akamshukuru. Akaniambia baadaye, "Yule kijana kanipa heshima. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Akatoa shuka lake sandukuni, pamba nzito, mikunjo imenyooka kama rula. Alikuwa amelitunza kwa siku hiyo. Akatueleza mimi na Kibogoyo anavyotaka, kwa utulivu, kama mtu anayepanga kusafiri. "Mnioshe miguu. Mnitandikie hili. Na binti yangu aniage kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo ndilo ninalolitaka kuliko yote. Kuna neno nimemwekea."

"Si umwambie leo?" Kibogoyo akauliza.

"Nikianza tu ananikatiza, anakemea. Neno la kuagana utampa mtu asiyekubali kuwa unaondoka? Litaanguka chini. Aniage kwanza, nimpe."

Mpwa wangu ni muumini wa kiti cha mbele kabisa kwa Mchungaji Spika. Anauza katika duka la dawa, ana nyumba yake nzuri. Akaja, akamchukua mama yake, akamlaza katika chumba chenye pazia zito, na mlangoni akabandika karatasi: HAPA TUNATAMKA UZIMA TU. Nilipofika alinipokea akiwa amesimama mbele ya ile karatasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hatusemi mgonjwa, mjomba."

"Tunasemaje?"

"Aliyeponywa."

"Aliyeponywa amekula?"

Akainamisha macho. "Mjomba, tafadhali."

"Na shuka lake liko wapi?"

"Nimelitoa. Lina roho ya mauti." Kisha uso ukamwanguka, akawa yule mtoto wa kibandani. "Mjomba, maisha yangu yote nimemgawana na wanaokufa. Mimi nina mama mmoja. Siwezi kumsaidia aondoke."

Kidogo nimhurumie. Lakini kutoka ndani nilisikia sauti ya dada, nyembamba, inauliza, "Ni nani huyo anakuja?" na mpwa wangu akamjibu kwa sauti ya kuhubiri, "Ni uzima unakuja, mama!" Huruma ikanitoka.

Kila siku walikuja kumwombea kikundi kizima, wamezunguka kitanda, wanapiga miguu chini na kuifokea mauti: Toka! Toka! Walipopumzika kunywa maji, nilimsogelea. Alikuwa amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "unawasikia? Wanapiga kelele toka, toka. Nami nataka kutoka. Wamesimama mlangoni."

Tukacheka wote wawili, na kicheko kikamuumiza, akashika tumbo. Mpwa wangu akatutazama kwa furaha, akawaambia wenzake, "Mnaona? Anacheka! Anapona!"

Siku hiyo nilimvaa mchungaji sebuleni kwa mpwa wangu. Nilimwambia, "Mwambie huyu binti amuage mama yake. Wewe ukisema atafanya."

"Mzee, ukiingia nyumba hii, mauti uiache nje."

"Mauti imo ndani, haikumngoja mtu aifungulie. Imekaa kitandani imemshika dada yangu mkono, kwa sababu ninyi mmekataa kumshika."

"Kinywa chako kitamuua."

"Kinywa changu hakiwezi hata karanga! Wewe ndiye unayemuua. Kufa atakufa, huyo ni Mungu. Lakini wewe unamuua peke yake."

Akaniwekea mkono kichwani aniombee. Nikausukuma. Nusura nimpige, mzee mzima, nimemkunjia ngumi kijana wa watu. Ndipo nikasikia sauti kutoka chumbani. "Mdogo wangu, njoo."

Nikaenda. "Unagombana?"

"Nagombana."

"Unaosha damu kwa maji ya moto," akasema, na akafumba macho.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Spika akatangaza ibada ya shukrani kwa ajili ya kupona kwa dada yangu. Someni tena mstari huo. Kushukuru kwanza, kabla ya kupona, ili mbingu zione haya zitende. Na binti ndiye atakayetoa ushuhuda. Asubuhi hiyo dada alimshika mkono, akamwambia kwa maneno machache aliyokuwa nayo, "Leo usiende." Kibogoyo alikuwapo, aliona. Binti akasema, "Mama, nikibaki ni kukosa imani. Nikikosa imani utakufa." Akambusu paji la uso, akaenda. Hakuna asiyempenda mama yake anayeweza kufanya kosa kama hilo. Ndiyo maana nawachukia waliomfundisha.

Nilipofika nilimkuta Kibogoyo ameshamwosha dada miguu. Alitazama uso wa dada, akanitazama mimi, tukaelewana. Kisha akamwinamia, akauliza swali la Wasindikizaji, kwa sauti ileile ya zamani: "Shoga yangu, unamtaka nani?"

"Binti," dada akasema.

Aliyetajwa hufuatwa. Nilichukua fimbo yangu nikatoka.

Kanisa lilikuwa limejaa hadi nje. Nilipita katikati ya viti vya plastiki, nikiwa na aproni yangu ya ngozi, nanuka gundi. Mpwa wangu alikuwa mbele, kipaza sauti mdomoni, anasema huku analia, "Mama yangu amepona! Mama yangu amekula asubuhi hii!" Watu wanaruka. Hakuwa amekula. Hakuwa amemeza hata maji.

Nikamfikia. Sikupaza sauti, kifua hakina nguvu. Nilisogea tu karibu, nikasema, "Mama yako anakufa. Anakutaka wewe."

Kipaza sauti kikaidaka. Spika zikaitangaza kila pembe, mpaka barabarani. Kwa mara ya kwanza nikafaidi zile spika.

Waliokuwa wakiruka wakasimama. Halafu mchungaji akashika kipaza sauti, "Tunakataa! Tunakataa!" na wimbo ukaanzishwa, na wahudumu wawili wakanishika kwapani, wakaninyanyua kama gunia, wakanitua nje kwenye jua. Nikakung'uta aproni, nikaanza kurudi. Sikutazama nyuma. Nilisema moyoni, nimefanya kazi ya dada yangu, na nimeshindwa.

Nilikuwa nimefika penye kona niliposikia miguu. Mpwa wangu alinipita mbio, bila kunitazama, viatu ameviacha huko. Wimbo wa kule kanisani ulikuwa umefika mwisho wake.

Nilipoingia chumbani alikuwa amesimama ukutani, na Kibogoyo anamwambia, "Amekata kauli sasa hivi tu. Alikuwa anauliza, ameshafika? Nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena. Halafu kimya."

Urefu wa wimbo mmoja! Wimbo walioimba ili kunifunika mimi.

Mpwa wangu akaanza yale yake, "Mama, pokea uzima, nakataa..." Kibogoyo akamkatiza. "Acha hayo. Muage."

"Siwezi."

"Unaweza kupiga kelele kutwa nzima, na neno moja la kwaheri huwezi?"

Akatoka mbio. Nikadhani amekimbia. Akarudi amekumbatia shuka. Alikuwa amelificha chini ya godoro lake mwenyewe; muda wote huo alikuwa akililalia. Akalikunjua. Na hapo nikaona mikono yake inajua. Alimgeuza mama yake ubavu, akalipitisha shuka, akamgeuza tena, akavuta ncha zikanyooka, hakumuumiza. Alijifunza hayo angali mtoto, akimshikia mama yake shuka katika nyumba za watu. Akapiga magoti. Ikachukua muda, midomo inakataa.

"Nenda salama, mama," akasema. "Nenda. Mimi nitabaki."

Dada akafumbua macho. Alimtazama yeye tu. Midomo yake ikacheza, ikaunda kitu. Mpwa wangu akaweka sikio pale pale mdomoni. "Nini, mama? Sema. Nini?"

Haikutoka sauti. Pumzi tu, na baadaye hata pumzi haikutoka. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka mbali spika zilikuwa zikimshukuru Mungu kwa kumponya.

Aliniuliza baadaye, na akamuuliza Kibogoyo: lile neno lilikuwa nini? Hatujui. Dada hakutuambia, halikuwa letu. Lilikaa ndani yake siku zote zile, limeiva, linamngoja mwenyewe, na mwenyewe alikuwa chumba cha pili akikemea. Ninyi mnaopiga makofi makaburini, nirudishieni neno hilo. Mna spika. Litangazeni tulisikie.

Kaburini mpwa wangu hakupiga makofi. Hata hivyo sikumsemesha. Nilimpita kama ninavyopita nguzo.

Juzi alikuja kibandani. Alikuwa amebeba lile shuka, limefuliwa, limepigwa pasi, mikunjo imenyooka. Na beseni.

"Mjomba, yule mama muuza mkaa wa mtaa wa nyuma. Wamembandikia karatasi mlangoni. Nataka niende, lakini siwezi peke yangu."

"Mwite Kibogoyo."

"Ametangulia."

"Mimi nimekasirika," nikamwambia. "Sijamsamehe mchungaji wako. Sijakusamehe wewe."

"Sio mchungaji wangu tena. Njoo hivyo hivyo umekasirika, mjomba. Beseni ni zito."

Nikaweka nyundo chini. Sitawadanganya kwamba moyo ulilainika. Dada yangu aliwasamehe wote kabla hajafa, ilikuwa desturi yake, na pengine huko aliko ananitazama akitikisa kichwa juu ya maji yangu ya moto. Atikise. Nilibeba beseni kwa sababu aliyeitwa huenda.

Mlangoni alitoka mtoto wa kiume wa yule mama, mtu mzima, amekunja uso, ameziba njia kwa mwili wake. Akatazama beseni, akatazama shuka.

"Mmekuja kufanya nini hapa?"

Nikafungua kinywa nimjibu ninavyojua mimi. Mpwa wangu akanitangulia.

"Tumekuja kubadilisha shuka," akasema.